Barua ya wazi kwa wasimamizi wa tiba asili: chuku ya pembe na chuku ya mdomo

Waheshimiwa mawaziri wa afya, waheshimiwa wajumbe wa mabaraza yanayosajili watoa tiba asili, nanyi wa Shirika la Afya Duniani mnaowaandikia wote hao miongozo,

Salamu nyingi, na baada ya salamu nijitambulishe. Mimi ni mpiga chuku.

Najua mmecheka. Kwenye Kiswahili neno hilo lina maana mbili, na kamusi imezilaza kitanda kimoja. Chuku ni pembe ya kuumikia, ile inayobandikwa mwilini ikavuta ngozi na, ngozi ikichanjwa, ikavuta damu. Kupiga chuku vilevile ni kutia chumvi maneno, kusimulia kichuguu mpaka kikawa mlima. Aliyeziweka maana hizo nyumba moja, nadhani, alikuwa ameshawahi kulala kifudifudi mbele ya mtu wa kazi yangu.

Kwa miaka 18 nimepiga chuku zote mbili. Nimeumika kwa vikombe vya kioo na vya plastiki, vikavu na vya damu, na miaka 9 ya karibuni nimeongeza masaji ya asali, ambayo wateja huiagiza pamoja na hijama, yaani kuumika kwa damu, kana kwamba ni pacha. Nawaandikia kwa sababu chuku ya kwanza mnaiangalia kwa jicho la pembeni tu, na ya pili hamuigusi kabisa. Naomba ya kwanza muisimamie kwa ukali na ya pili muipige marufuku. Anayechanja ngozi ya mwenzake aandikishwe, akaguliwe, na kila mwili upate wembe wake. Na asiwepo mtu, awe na cheti au hana, anayeruhusiwa kupokea fedha na kumwambia mteja kwamba kilichomo kikombeni, au ile asali iliyogeuka rangi mgongoni, ni sumu iliyotoka mwilini.

Nianze na kikombe, maana huko ndiko nilikodanganya zaidi.

Aliyewahi kuumikwa kwa damu anaijua dakika ile. Kikombe kimekaa mgongoni, ngozi imetuna ndani yake na kugeuka zambarau. Nakitoa, nachanja juujuu, chanjo fupi ambazo kina chake hakizidi unene wa ukucha, nakirudisha, navuta pampu mara mbili tatu. Damu inatoka matone matone, inapungua, inakoma. Baada ya dakika kadhaa nakitelezesha na kukipindua juu ya bakuli, na kinachoanguka hakimwagiki. Kinateleza kizima, cheusi, kinatikisika kama kipande cha ini bichi. Hapo mteja hugeuza shingo atazame. Nami nilikuwa na maneno yangu niliyoyazoea: "Umeuona uchafu uliokuwa unatembea nao?" Maneno hayo yamenilipia kodi ya chumba miaka mingi. Aliyeyasikia alirudi, na alirudi na mwenzake.

Siku moja aliyelala pale alikuwa dada anayefanya kazi maabara. Hakubishana na mimi. Aliomba kikombe kingine kisafi, akatoa kwenye mkoba sindano ndogo ya kupimia sukari, akajitoboa ncha ya kidole, akakamulia humo matone kadhaa, akakiweka pembeni. Kisha akavaa blauzi na kuanza kuniuliza habari za watoto. Tulipomaliza za watoto alikiinua kikombe akakiinamisha. Matone yalikuwa yameshikana, yamekuwa meusi, yanatikisika. "Kaka," akaniambia, "na hii ya kidoleni nayo ni chafu? Basi mwili mzima ni jalala."

Sikuwa na jibu. Damu ikishatoka kwenye mshipa huganda, ndiyo kazi yake; isingeganda, mtu angekufa kwa kujikata na kisu. Baada ya dakika 5 hadi 10 nyuzi za fibrini, protini inayogandisha damu, zinakuwa zimesukana na kuzinasa chembe nyekundu, likatokea lile tonge. Weusi wake si uchafu. Damu iliyonyonywa kwenye mishipa midogo ya ngozi imekwisha kuacha sehemu ya oksijeni yake, na damu yenye oksijeni kidogo huwa na rangi nzito. Ukichukua damu ya bingwa wa riadha na damu ya mgonjwa, uzitie kwenye vikombe viwili, mabonge utakayoyapata huwezi kuyatofautisha kwa macho.

Na zile alama za duara ambazo wateja huzipiga picha? Ni mavilio. Mvutano umepasua mishipa midogo, damu imevilia chini ya ngozi, na mwili unaifyonza kidogo kidogo: zambarau inaelekea kijani, kijani inaelekea manjano, kadiri hemoglobini, ile inayoipa damu wekundu wake, inavyovunjwavunjwa, mpaka baada ya wiki moja au mbili ngozi inarudi ilivyokuwa. Tumezoea kuzisoma kama kiganja. Ikiwa nyeusi tunasema sumu ni nyingi, ikiwa nyekundu tunasema ni kidogo. Ukweli ni kwamba rangi inategemea umevuta pampu mara ngapi, umeacha kikombe dakika ngapi, na ngozi ya mtu ni laini kiasi gani. Nikitaka mteja yeyote awe na "sumu nyingi" naweza kumpa kwa kuvuta mara moja zaidi. Waheshimiwa, hapo ndipo pa kusimama mpatazame vizuri: kipimo chetu cha ugonjwa kiko mkononi mwa yule anayeuza dawa yake.

Mwili una watakasaji wake. Damu yote ya mtu mzima ni kama lita 5, na figo huipitisha tena na tena hata zikachuja takriban lita 180 za majimaji kwa siku, karibu yote yakarudishwa mwilini na kidogo kikatoka kama mkojo. Ini nalo halilali. Mtu ambaye figo zake zimeshindwa kazi anatakiwa hospitali leo hii, si kwenye kikombe changu Alhamisi.

Nije kwenye asali. Hii wengi wenu hamjaiona, kwa hiyo nitaieleza polepole.

Mteja analala kifudifudi, mgongo umefutwa kwa taulo la uvuguvugu. Nachota vijiko viwili vya asali kutoka kwenye mtungi, natia kwenye kibakuli kilichokalia maji ya moto ili ilegee. (Kibakuli ni cha mtu mmoja. Nimewaona wanaochovya vidole vilivyotoka mgongoni mwa huyu na kuvirudisha kwenye mtungi wa wote.) Napaka viganjani, nabandika viganja mgongoni, nabonyeza, kisha navibandua kwa nguvu. Ngozi inainuka, inaachia kwa mlio kama wa plasta inayong'olewa. Narudia, polepole mwanzoni, halafu kwa kasi, kutoka kiunoni hadi mabegani. Inauma, asidanganywe mtu, hasa kwa mwenye malaika, yale manyoya laini, mgongoni. Mgongo unakuwa mwekundu na moto. Baada ya dakika kama 10 asali iliyokuwa ya dhahabu inaanza kuwa nyeupe, kisha kijivu, inakuwa nzito na kuvutika nyuzinyuzi. Wanaoiuza kwa jina la masaji ya Kitibeti, na Ulaya Mashariki ndiko wengi walikojifunzia, husema kwamba kijivu hicho ndiyo taka iliyonyonywa kutoka ndani kabisa.

Baada ya somo la yule dada wa maabara nilikuwa na aibu ya kujaribu mwenyewe, lakini nilijaribu. Nilichukua kioo cha meza, nikakisugua kwa spiriti kikakauka, nikavaa glovu mpya, nikapaka asali ileile na kuanza kubandika na kubandua kama ningefanya mgongoni. Kioo hakina ini, hakina figo, hakina mafuta ya miaka. Asali ikawa nyeupe. Ni hewa: kila kiganja kinapobanduka kinaingiza vipovu, na asali yenye vipovu vidogo haipitishi mwanga. Kijivu sikukipata pale, maana kijivu hutoka kwa mtu, nacho ni ngozi iliyokufa, mafuta ya ngozi, jasho, vinyweleo na losheni ya asubuhi. Vitu hivyo vilikuwa juu ya ngozi tangu mwanzo, na sabuni na dodoki vingevitoa bila maumivu.

Asali yenyewe haina kosa. Kama asilimia 80 yake ni sukari, maji hayafiki moja ya tano, ina uchachu, na ikichanganyika na majimaji ya kidonda hutengeneza haidrojeni peroksaidi kidogo kidogo. Ndiyo maana bakteria wengi hawastawi ndani yake, na ndiyo maana hospitali nyingine hufungia vidonda kwa asali. Lakini asali ya hospitali imepigwa mionzi ya gama zikauawa spora zote, zile mbegu ngumu za bakteria, imefungwa kwenye mrija wa mtu mmoja. Ya kwangu imetoka kwenye mtungi. Mwenzangu anayeipaka juu ya ngozi aliyotoka kuichanja dakika ileile, eti ifunge kidonda, anachanganya vitu viwili vilivyo mbalimbali, na nimelishuhudia hilo zaidi ya mara moja.

Mtaniuliza, kama hakuna sumu inayotoka, kwa nini hujafunga duka? Kwa sababu watu huondoka wakiwa na nafuu, na nafuu hiyo siyo yote uongo. Tafiti za kuumika ni nyingi, na zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kwamba maumivu ya shingo na mgongo huweza kupungua kwa muda mfupi. Udhaifu wake ni kwamba nyingi ni za watu wachache, na ni vigumu kumficha mtu kwamba amebandikwa kikombe. Watafiti wengine wamelazimika kutengeneza vikombe vyenye tundu dogo visivyoshika mvutano ili wapate cha kulinganisha navyo. Masaji ya asali haina hata tafiti za kutosha za kuzungumzia. Ninachokijua kwa mikono yangu ni hiki: mtu aliyeshikwa vizuri nusu saa, chumba kikiwa na joto na simu ikiwa imezimwa, mabega yake hushuka. Wengine hukoroma. Hilo linatosha kuuzwa kwa jina lake.

Wenzangu hupenda kujificha nyuma ya ukongwe. Ni kweli kazi hii ni kongwe. Mafunjo ya tiba ya Wamisri ya kama mwaka 1550 KK yanaitaja, Hipokrati, tabibu wa Ugiriki ya kale, aliitumia, na al-Zahrawi, tabibu mpasuaji wa Kordoba, aliyezaliwa mwaka 936, aliieleza pamoja na vyombo vyake. Wafini huumika ndani ya bafu zao za mvuke, Warusi wana vikombe vyao vya kioo majumbani, na mwaka 2016 dunia nzima iliziona alama kwenye mabega ya mwogeleaji Michael Phelps kwenye Olimpiki kule Rio, simu za wapiga chuku zikalia wiki nzima. Lakini kutoa damu kwa ajili ya homa ya mapafu nako kulikuwa kukongwe, mpaka miaka ya 1830 Mfaransa Pierre Louis alipoketi akahesabu wagonjwa waliotolewa damu mapema na waliocheleweshwa, akakuta tofauti ni ndogo mno kuliko walivyokuwa wakidai wakubwa wa fani. Hakumtukana mtu, alihesabu tu.

Sasa niseme la hatari, ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kirusi cha homa ya ini aina ya B huweza kubaki hai nje ya mwili siku 7 au zaidi, ndani ya tone lililokauka ambalo jicho halilioni. Fikirini safari ya tone hilo kwenye chumba kama changu. Wembe wengi wanajua wautupe, ingawa nimemwona mtu akiuvunja katikati ili uwatoshe wawili. Kikombe cha plastiki kimeandikwa cha kutumiwa mara moja, kinasuuzwa na kurudishwa kabatini. Kikombe cha kioo kinachemshwa, na maji ya nyuzi 100 hayaui kila spora. Mvuke wenye shinikizo wa nyuzi 121, robo saa au zaidi, ndio unaoaminika. Pampu ya mkono hakuna anayeikumbuka kabisa. Ukivuta sana, damu hupanda mpaka kwenye vali, inakauka humo, na mteja wa saa nane anavutwa kwa pampu ya mteja wa saa tano. Miongozo michache niliyosoma inataja wembe na glovu. Ya pampu inasahaulika. Pembe nazo zina nyufa na matundu madogo yasiyotakasika kwa sabuni wala kwa maombi. Ninayo moja, niliachiwa na aliyenifundisha. Nikisema chuku ya pembe ibaki, hiyo yangu imebaki ukutani.

Wenye kutumia moto wana mabaya yao: pamba iliyolowa spiriti kupita kiasi hudondosha mwali mgongoni, na kikombe kilichopata moto mdomoni huacha duara la kuungua ambalo mteja huambiwa ndiyo dawa inafanya kazi.

Lakini siri niliyoifungia muda mrefu si ya moto wala wembe. Nilikuwa na mteja wa kila mwezi, mzee mpole, fundi cherehani. Alianza kulalamika uchovu. Nikamwambia uchovu ni damu nzito, tuongeze. Tukaenda kila wiki mbili, vikombe vinane badala ya vitano. Akawa anapumzika kwenye ngazi kabla ya kufika kwangu, nami nikalihesabu hilo kuwa dalili ya sumu inayotikiswa. Siku moja hakufika, alizimia njiani. Hospitali walikuta damu yake imepungua vibaya, madini ya chuma yamekwisha mwilini. Alipona, na alinisamehe kabla sijaomba. Nilikuwa nautibu uchovu niliokuwa nauleta mwenyewe.

Benki ya damu haimgusi mtu kabla ya kumtoboa kidole na kupima hemoglobini. Ikimtoa nusu lita humwambia asirudi mpaka zipite wiki nyingi, nane au zaidi. Sisi hatupimi, hatuandiki tumetoa kiasi gani, hatuulizi kama mtu anakunywa warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, kama ana hemofilia, ugonjwa wa damu isiyoganda, kwenye ukoo, kama ni mjamzito, kama vidonda vyake huota makovu ya kuvimba. Wengi wetu hatuulizi kwa sababu hakuna aliyetufundisha kuuliza. Wachache hawaulizi kwa sababu jibu litawapotezea mteja.

Kuna nchi zilizokwisha kuamua. Uturuki, kwa kanuni ya mwaka 2014, iliweka kuumika miongoni mwa tiba 15 zinazoruhusiwa, ila mikononi mwa madaktari na madaktari wa meno wenye cheti cha kazi hiyo. Malaysia ilitunga sheria ya tiba asili na tiba saidizi mwaka 2016 na kuwataka watoa tiba wajisajili kwenye baraza. Saudi Arabia ina kituo cha taifa kinachotoa leseni za hijama. Njia ya Uturuki ingenitoa kazini kesho, na kwa upande wa wembe siwezi kuwalaumu. Kwa vikombe vikavu na asali naiona imebana mno, kwa kuwa kazi isiyovunja ngozi ikifungiwa hospitalini haifi, huhamia vyumba vya kulala ambako mkaguzi haingii.

Ninachowaomba ni kwamba mpaka uchorwe kwenye ngozi. Msiuchore kwenye jina la tiba, wala kwenye asili yake, wala kwenye dini ya anayeitumia. Kisichovunja ngozi, yaani kuchua, vikombe vikavu, asali, kisimamiwe kama masaji mengine: mafunzo mafupi, usajili, usafi, na ujuzi wa kutambua mgongo usiotakiwa kuguswa, wenye baka geni, mshipa uliovimba, au mzio wa mazao ya nyuki. Kinachovunja ngozi kisimamiwe kama sindano. Mtoa tiba apate chanjo ya homa ya ini B, vifaa vya damu viwe vya mara moja pamoja na mrija wa pampu, hemoglobini ipimwe, kiasi kiandikwe. Na mkaguzi akija asipoteze muda kusoma vyeti ukutani. Afungue kisanduku cha wembe uliotumika, auhesabu, kisha afungue daftari ahesabu wateja. Namba mbili hizo zisipolingana, afunge mlango.

Na mdomo? Mdomo ni rahisi zaidi na nyinyi mmeuogopa zaidi. Kwenye kibao, kwenye tangazo, kwenye video, asiruhusiwe yeyote kuandika kwamba anatoa sumu, anasafisha damu, anatibu kisukari au saratani kwa kikombe au kwa asali. Mteja akisema mwenyewe kwamba anajisikia amesafishika, ni mwili wake na ulimi wake. Aliyepokea fedha ndiye anyamaze. Nyinyi wa Shirika la Afya Duniani mna mkakati mpya wa tiba asili wa miaka 2025 hadi 2034, na tangu 2022 mna kituo cha tiba asili kule Jamnagar, India. Tuandikieni kurasa mbili za lugha nyepesi juu ya bonge la damu na juu ya asali inayobadilika rangi, tuzibandike vyumbani mwetu. Miongozo ya kurasa mia haifiki kwenye kitanda cha masaji.

Wenzangu watasema nimeidhalilisha Sunna. Sijaigusa. Hadithi aliyoipokea Bukhari inataja tiba katika mambo matatu, asali ya kunywa, mchanjo wa hijama na kuchoma kwa moto, kisha kuchoma kukakatazwa. Asali inayotajwa pale ni ya kunywa, si ya kubandikwa mgongoni na kung'olewa. Anayekuja kuumikwa kwa imani yake tarehe 17, 19 au 21 ya mwezi mwandamo ana nia yake, na nia hiyo haihitaji somo langu la figo. Imani yake haimwondolei haki ya wembe mpya. Nami sina ruhusa ya kuikopa imani hiyo nikaifanya dhamana ya uongo wa bakuli.

Mtajiuliza kwa nini nisikae kimya nikafanya kazi yangu kwa ukweli, bila kuwasumbua. Nimejaribu kwa miaka mitatu sasa. Kesho nina watu wanne daftarini. Wa tatu alipiga simu jioni hii, anataka hijama na asali kwa pamoja, na kabla ya kuuliza saa aliuliza kama nitamwonyesha bakuli, kwa sababu fundi wake wa zamani alikuwa akimwonyesha uchafu wote. Nilimwambia ataliona, na nitamweleza lile bonge ni nini hasa. Akanyamaza kidogo. Halafu akaniuliza, kwa adabu kabisa, kama kuna fundi mwingine ninayemfahamu.

Wenu,
Mpiga chuku, mwenye leseni ya biashara na ambaye hajawahi kuulizwa leseni ya wembe